Mzee wangu alikuwa baharia, nimpe kitabu gani?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nafuatilia safu yako toka zamani ila leo ndo naandika kwa mara ya kwanza. Baba yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, kazi hiyohiyo toka ujana mpaka amestaafu, bandari za Durban na Mumbai anazijua kuliko mimi ninavyoijua mitaa ya hapa Tanga. Sasa hivi yupo nyumbani, miguu inamsumbua, anashinda barazani na redio yake. Kingereza anasoma vizuri tu. Nilimpelekea riwaya mbili na kitabu kimoja cha siasa, hakufika mbali, akasema hao watu wanaongea sana. Nataka nimpe zawadi ya kitabu cha zamani cha safari ya baharini, cha matanga hasa, ila kiwe kimeandikwa na mtu aliyeshika kamba kweli maana mzee akigundua anadanganywa anakitupa. Kaka yangu anasema nimnunulie kile cha nyangumi mweupe. Wewe unasemaje? Na kama kinapatikana bure kwenye simu nitashukuru, hali ya mfuko mwezi huu sio nzuri. Binti wa baharia, Tanga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mzee mfikishie salamu zangu. Jibu nakupa hapahapa juu, maelezo yanafuata: mpe Sailing Alone Around the World cha Joshua Slocum, kilichotoka mwaka 1900. Ni habari ya kweli ya nahodha aliyezunguka dunia nzima akiwa peke yake chomboni, mtu wa kwanza tunayemjua kuimaliza safari hiyo, na kaiandika mwenyewe kwa mkono wake.

Kwa nini hicho na sio kingine, sababu ipo kwenye barua yako, pale mzee aliposema hao watu wanaongea sana. Slocum haongei sana. Huyu jamaa alizaliwa Nova Scotia huko Kanada mwaka 1844, akaingia baharini angali kijana mdogo, akapanda mpaka kuwa nahodha wa meli kubwa za matanga, halafu zikaja meli za mvuke zikala kazi yote na manahodha wa matanga wakabaki wamekaa tu bandarini hawana chombo. Yeye akiwa mmojawapo. Mzee wako hapo haitaji kuelezewa, mtu aliyekuwa na kazi yake na heshima yake halafu dunia ikaamua kazi ile haina haja nayo tena, atalielewa jambo hilo kabla hajafungua ukurasa wa tatu, na kizuri ni kwamba Slocum halii, anasema tu ilivyokuwa kisha anaendelea na kazi.

Na kazi yenyewe ndo utamu wa mwanzo wa kitabu. Rafiki yake mmoja, nahodha mzee wa meli za kuwinda nyangumi, akamwambia njoo Fairhaven nikupe chombo, kinataka matengenezo kidogo tu. Slocum kafika kule Fairhaven, jimbo la Massachusetts huko Marekani, akakikuta chombo kipo shambani, sio majini, shambani kabisa, kimeegemezwa kwa magogo na kufunikwa turubai, kimekaa miaka pale mpaka watu wa kijiji walishazoea kukiona. Jina lake Spray, cha mlingoti mmoja, zamani kilikuwa kinavua chaza. Basi akachukua shoka akaenda kukata mwaloni uliokuwa jirani kwa ajili ya mkuku mpya, ule uti wa chini wa chombo, akatengeneza sanduku la mvuke la kulainishia mataruma, yaani mbavu za chombo, ili yakunjike, akabadilisha taruma moja baada ya jingine na ubao mmoja baada ya mwingine, akaziba nyufa za mbao kwa kalafati mwenyewe, na kila mpita njia akisimama anamuuliza swali lilelile, hivi hiyo italipa? Miezi 13 ya kazi na dola 553 na senti 62 za vifaa, namba hiyo kaiandika mpaka senti. Mtu aliyeishi melini anapenda hesabu ya namna hiyo. Urefu wa chombo futi 36 na inchi 9, upana futi 14 na inchi 2, mzee wako akisoma hizo atafumba macho akione kilivyokaa majini.

Akaondoka Boston tarehe 24 Aprili 1895, umri wake miaka 51. Akarudi Newport, Rhode Island, tarehe 27 Juni 1898. Zaidi ya maili 46,000, na kuogelea alikuwa hajui.

Sasa kuna kitu mzee atabishana nacho na wewe muache abishane, tena mchokoze kidogo. Slocum anasema Spray ikishapangwa matanga vizuri na usukani ukafungwa kamba, inakwenda yenyewe. Kule Bahari ya Hindi, kutoka Thursday Island kaskazini ya Australia mpaka visiwa vya Keeling, maili 2,700 siku 23, anasema hakukaa kwenye usukani zaidi ya saa 3 kwa jumla, na humo kahesabu na muda wa kuingia bandarini. Watu wa bahari walimbishia sana zamani zile. Mwenyewe anaeleza alivyofanya, tanga gani lilikuwa wapi na upepo unatoka wapi, na muda uliobaki alikuwa anasoma vitabu, anashona nguo zake na kupika. Baba yako ataanza kukuchorea kwa kidole kwenye meza namna upepo unavyoshika tanga, na hapo ndo utajua zawadi imefika.

Upande wa hatari usiwe na wasiwasi, zipo za kutosha. Pwani ya Patagonia, kusini ya Amerika ya Kusini, aliona wimbi linakuja, moja, kubwa kuliko yote, akashusha matanga haraka akapanda kwenye kamba za juu akashikilia, wimbi likapita juu ya chombo chote, kwa muda anasema hakuona hata kipande cha Spray chini yake, kisha kikaibuka kinatikisika kila ungio. Aya chache tu kamaliza, hakuna kupiga kelele. Kwenye mlango-bahari wa Magellan ndo kuna ile stori maarufu ya misumari. Nahodha mmoja wa Punta Arenas, Samblich, alimpa mfuko wa misumari midogo ya kupigilia zulia, akamwambia utaihitaji. Slocum akawa akitaka kulala anaimwaga kwenye sitaha ncha zikiwa juu kisha anaingia ndani kulala. Usiku wa manane watu wakapanda chomboni kimyakimya, peku. Kelele zilizofuata anasema hakuhitaji mbwa wa kumlinda.

Hapohapo nikwambie ukweli ili usishtuke ukikisoma na wewe. Wenyeji wa Tierra del Fuego, nchi ya kusini ya mlango-bahari huo, kawaandika kwa maneno ya wazungu wa wakati wake, anawaita washenzi na anaona ni halali kuwapiga risasi za kuwatisha. Hao walikuwa watu wenye nchi yao, na miaka ileile wafugaji wa kondoo na wachimba dhahabu walikuwa wanawamaliza, kitabu hakikai upande wao. Mimi sisemi kwa sababu hiyo usikitoe, nasema kijue, na mzee mwenyewe amekaa na mabaharia wa kila taifa atakuwa na la kusema.

Kuna sehemu moja ninayoipenda kupita zote na inahusu hilihili la kumpa mtu kitabu. Slocum alipofika visiwa vya Samoa huko Pasifiki mwaka 1896 mwandishi Robert Louis Stevenson alikuwa ameshafariki karibu miaka miwili nyuma, yeye akamkuta mjane wake, Fanny. Yule mama akampa vitabu vya mumewe vya miongozo ya mabaharia, vinne vya bahari ya Mediterania, na ndani ya kile cha kwanza akaandika kwa mkono kwamba mume wake alivisoma akavirudia mara nyingi, na anaamini angefurahi vikienda kwa baharia wa aina aliyokuwa anaipenda kuliko wote. Akamuongezea na kitabu kikubwa cha mwongozo wa Bahari ya Hindi, bahari yetu hii. Slocum anasema alivipokea kwa unyenyekevu mkubwa. Kwa hiyo mdogo wangu ukishanunua usikipeleke kitupu, chukua kalamu, ukurasa wa kwanza ule mtupu andika mistari miwili mitatu kwa nini umemchagulia baba yako kitabu hiki na tarehe, Kiswahili chako cha nyumbani kinatosha. Wanaume wa rika lake wengi hawajawahi kuandikiwa hivyo na watoto wao.

Mengine nayapitia haraka. Durban aijuayo baba yako, Slocum alikutana pale na Henry Morton Stanley, huyuhuyu ambaye misafara yake ya bara ilibebwa mabegani na wapagazi wa Zanzibar na Mrima, akamuuliza Slocum kwa nini chombo hakina vyumba vya kuzuia maji na je kikigonga mwamba itakuwaje, jibu alilopewa ni kwamba kisigonge mwamba. Kutoka hapo kuelekea Rasi ya Tumaini Jema, Krismasi ya 1897, alikuwa mbele kwenye omo anapunguza tanga dogo na bahari ikamzamisha mara tatu, anaiita zawadi ya sikukuu. Kama mzee amewahi kupita rasi ile muulize kulikuwaje. Pretoria akapelekwa kwa Kruger, rais wa Makaburu, aliyekuwa anaamini dunia ni bapa, akakataa kabisa kwamba kuna mtu anaizunguka. Kisiwa cha St. Helena akapewa mbuzi, yule mbuzi akamlia ramani ya bahari ya visiwa vya Karibi. Na ana saa ya bati aliyoinunua dola moja kwa sababu uso wake ulikuwa umepasuka, baadaye mkono wa dakika ukatoka, akaichemsha kwenye maji ikaanza kutembea tena, na kwa saa hiyo tu pamoja na kupima mwezi alijua alipo katikati ya Pasifiki baada ya siku 43 bila kuona nchi kavu. Sehemu ya vipimo vya mwezi ni ngumu kidogo, wewe unaweza kuiruka ila mzee usimwambie aruke.

Kuhusu bei. Kitabu hiki haki zake zimeshaisha muda, kwa hiyo kipo bure kabisa na kwa halali, tovuti ya Project Gutenberg wanacho unakishusha kwenye simu, na tovuti ya LibriVox wana cha kusikiliza kinachosomwa na watu wa kujitolea. Kwa mzee anayeshinda na redio hiyo ya sauti inaweza kumfaa hasa macho yakichoka jioni. Ila kama utabahatika kupata hela hata mwezi ujao mnunulie cha karatasi, tafuta toleo lenye ile michoro ya zamani ya Thomas Fogarty na George Varian, kuna mchoro wa ramani ya matanga na vipimo vya chombo mwishoni na huo kwenye simu hauonekani vizuri. Matoleo ya bei rahisi mengine wameuondoa kabisa, kwa hiyo ukiwa kwa muuza vitabu fungua kurasa za mwisho uangalie kwanza kabla hujalipa.

Na usimpe presha. Usimuulize kila siku umefika wapi baba. Mimi ningekaa naye jioni moja nimsomee ile sura ya kwanza ya shambani Fairhaven kwa sauti, nikimaliza nakiacha pembeni ya redio naondoka.

Kaka yako na nyangumi wake mweupe hajakosea sana, Moby-Dick cha Herman Melville cha 1851 ni kitabu kikubwa na Melville mwenyewe alikuwa baharia, meli yake ya nyangumi iliondoka Fairhaven hukohuko Januari 1841. Lakini ni kirefu mno, kina sura nzimanzima za mahubiri na falsafa na aina za nyangumi, na mzee keshakwambia watu wanaoongea sana hawataki. Mwambie kaka akisome yeye.

SWALI: Dada habari, mimi na mume wangu tulitaka kumpa babu wa watoto kitabu hichohicho cha Slocum, rafiki yetu ndo alitupendekezea, ila nikasikia yule nahodha mwishowe alipotelea baharini. Babu naye ni mtu wa bahari, hapo Pemba. Sio nuksi kumpa mzee kitabu kama hicho? Mama Watatu, Zanzibar.

JIBU: Mama Watatu, ni kweli alipotea. Baada ya kurudi alinunua shamba kisiwa cha Martha's Vineyard, hakuliweza, miaka kama kumi baadaye akaondoka tena peke yake na Spray ileile na haikuonekana tena, mwaka 1924 mahakama ikamtangaza kuwa amekufa. Lakini hayo hayamo kitabuni. Kitabu kinaishia amefika salama, ana afya kuliko alivyoondoka, na amekirudisha chombo mpaka Fairhaven akakifunga kwenye nguzo ileile ya mwerezi iliyokishikilia siku ya kushushwa majini. Na watu wa bahari wa Pemba sidhani kama kuna jambo la bahari utakalowaficha. Mpeni. Akiuliza yule bwana aliishaje mwambieni kama lilivyo, usimzungushe mzee kama mtoto. Jambo pekee nitakalokushauri ni bibi yao watoto, naye umshirikishe, kwa sababu Slocum aliwahi kusafiri na mkewe wa pili na watoto, meli yao ilipovunjika Brazil akawatengenezea mtumbwi mkubwa wenye matanga, Liberdade, wakaushusha Mei 1888 wakarudi nao mpaka Marekani. Kwenye hiki anagusia kidogo tu. Wanawake waliokaa wakisubiri watu wa bahari wana maoni yao kuhusu mwanamume anayeondoka miaka mitatu peke yake, na maoni hayo yana haki ya kusikika hapo barazani.

SWALI: Vipi dada, kijana wangu ana miaka 12, anapenda stori za maharamia kwenye simu lakini kitabu hashiki. Hicho cha nahodha anaweza? Baba Kijana, Mombasa.

JIBU: Bado kidogo. Mwaka mmoja au miwili mbele atakiweza, kwa sasa misumari ataipenda ila vipimo vya matanga vitamkimbiza. Mwanzishe na Treasure Island cha Stevenson, mume wa yule mama wa Samoa niliyemtaja hapo juu. Kiswahili kipo toka enzi za wazee wetu, Kisiwa chenye Hazina, waulizie maktaba au wauza vitabu vya mitumba wanaweza kuwa nacho, Kiswahili chake ni cha zamani kidogo ila ni kizuri.

Kitabu kile kilianza mwaka 1881 huko Scotland mvua inanyesha hakuna pa kwenda, Stevenson akiwa na mtoto wa mkewe, Lloyd, wa umri kama wa kijana wako, wakawa wanachora ramani ya kisiwa na stori ikatoka kwenye ramani. Akawa anaandika sura moja kwa siku anawasomea nyumbani kwa sauti, na baba yake Stevenson, mzee mzima mhandisi wa minara ya bahari, akanogewa mpaka akaandika orodha ya vitu vya kuwekwa kwenye sanduku la yule baharia mlevi wa mwanzo. Fanyeni hivyohivyo. Sura ni fupi, msomee moja baada ya chakula cha usiku, ukifika pale Jim, yule kijana wa kwenye stori, amejificha ndani ya pipa la tufaha anawasikia mabaharia wanapanga uasi funga kitabu, kiache mezani, uende zako kulala. Simu yake ichaji chumbani kwako usiku huo.